Maji kiasi

Usiku wa kwanza nilipopika mwenyewe nyumbani kwetu Pasua, tulikula saa nne na robo. Niseme sawasawa: tulikula watatu. Mwanangu wa mwisho, wakati huo ana miaka 4, alikuwa ameshalala kwenye kochi na kijiko mkononi. Nilimvua viatu, nikambeba mpaka kitandani na tumbo lake tupu. Mezani palikuwa na wali wenye hali tatu ndani ya sufuria moja: juu una kiini, katikati bokoboko, chini mkaa. Pembeni mchuzi wa ng'ombe ambao nyama yake ungeweza kuivisha cherehani badala ya mkanda na gurudumu likazunguka vizuri tu. Mvulana wangu alitafuna kipande kimoja kwa muda mrefu, akaniangalia, akasema kwa adabu, "Baba, mimi nimeshiba."

Mimi ni fundi cherehani. Kibanda changu kiko karibu na soko la Mbuyuni, hapa Moshi, na nashona zaidi sare za shule na magauni ya vitenge. Oktoba 2022 mama watoto alipata nafasi ya kwenda Dodoma kujiendeleza kimasomo, miaka miwili. Tulikaa tukapanga kila kitu: ada, nauli, kodi ya nyumba, nani atawapeleka watoto shule, nani atahudhuria vikao vya wazazi. Suala la nani atapika hatukuligusa. Nadhani kila mmoja alikuwa na jibu lake kichwani na hakuona haja ya kulitamka. Tulipata dada wa kazi, akakaa siku 11, akaondoka kwa sababu zake ambazo sikumuuliza sana. Nikabaki na binti wa miaka 11, mvulana wa miaka 8, na huyo wa miaka 4.

Nilikuwa najua kusonga ugali na kukaanga yai, kama mwanaume yeyote aliyewahi kupanga chumba. Hiyo siyo kupika. Ugali na yai ni kuzuia njaa mpaka mwisho wa mwezi. Chakula cha watoto cha kila jioni, wiki baada ya wiki, ni kazi nyingine kabisa.

Basi nikaanza kuuliza watu. Nilimpigia simu mama watoto: "Wali unawekwa maji gani?" Akajibu, "Weka maji kiasi." Kiasi gani? "Kiasi tu, baba, utaona mwenyewe." Nikamuuliza dada wa genge ninayenunua kwake nyanya. Akaniambia mafuta yawe ya kutosha, chumvi kiasi, moto usiwe mkali sana wala mdogo sana, na nyama nichemshe mpaka iive. Nilimshukuru, nikaondoka kama nilivyokuja. Watu wote waliotaka kunisaidia walinipa neno hilohilo. Kiasi. Mteja akija kibandani akaniambia, "Fundi, nishonee suruali, kiuno kiasi, urefu kiasi," nitamrudisha nyumbani akalale kwanza. Lakini jikoni watu wazima wanaambiana hivyo kila siku na wanaelewana.

Aliyenitoa gizani ni mama mkwe, na hakunifundisha hata neno moja.

Alishuka kutoka Kibosho wiki ya tatu, baada ya kusikia, sijui kwa nani, kwamba wajukuu wake wanakula mikate na soda. Alikuja na kikapu cha ndizi mchare, maharage sado nzima, na maziwa kwenye chupa. Sasa, mimi nimelelewa Same, na kwa malezi niliyopewa mkwe wa kiume hasimami jikoni na mama mkwe akamchungulia sufuria, achilia mbali kumuuliza chumvi. Na yeye pia asingekubali. Tunasalimiana, tunaulizana habari za shamba na za kazi, naondoka. Kwa hiyo akamwita binti yangu: "Mjukuu wangu, njoo nikuonyeshe, huyu baba yenu asije akafa na njaa." Wakaingia jikoni. Mimi nikavuta kiti sebuleni, nikaweka shati la mtu mapajani kana kwamba napindia upindo, na mlango wa jikoni nikauacha wazi.

Niliyasikia yote, na bado sikuambulia kitu, maana hata yeye alikuwa anasema kiasi. "Tia maji kiasi. Chumvi kiasi, usimwage." Siku ya pili nikampa binti yangu kikombe kimoja cha plastiki cha robo lita na daftari lake la zamani la hesabu. Nikamwambia: bibi akichota kitu kwa mkono, kabla hakijaingia kwenye sufuria kimimine kwanza kwenye kikombe, uandike. Mtoto akafanya hivyo kwa bidii kubwa. Bibi alivumilia kama dakika kumi, halafu nikasikia kicheko kimepasuka huko ndani: "Ee Mungu, huyu Mpare anapima mpaka maji ya bomba!" Utani wa Wapare na mkono mgumu mnaujua. Nilicheka kimyakimya huku naendelea kupindia. Lakini baada ya hapo alimruhusu mtoto apime, na mara mojamoja nilimsikia akimngoja: "Umeandika? Haya, mimina."

Daftari hilo ninalo hadi leo, limejaa mafuta. Ukurasa wa kwanza ni wali. Mchele vikombe 2, maji vikombe 3, chumvi kijiko kidogo kisichojaa, mafuta vijiko vikubwa 2. Chini yake, siku nne baadaye, wali tena: mchele vikombe 2, maji karibu vikombe 4. Nilipoona hivyo nilidhani mtoto amekosea. Nikamuuliza. Akasema hapana, bibi safari hii aliuma punje ya mchele kwanza, akasema huu ni wa zamani.

Pale ndipo nilipoanza kuelewa. Ule wa kwanza ulikuwa mchele mpya wa Mabogini, niliununua sokoni mavuno yakiwa bado hayajakaa. Wa pili ulikuwa wa dukani kwa Mangi, umekaa ghalani sijui tangu lini, mkavu. Mchele mpya una unyevu wake ndani, ukiupa maji mengi unakuwa uji. Mkavu unakunywa. Hili mimi nilipaswa kulijua bila kuambiwa, kwa sababu ndilo jambo la kwanza fundi anafundishwa: tepu inapima kitambaa kilivyo leo, haipimi kitakavyokuwa kikifuliwa. Pamba mpya inarudi. Usipoiloweka kabla ya kuikata, gauni la mteja linapanda juu ya magoti ndani ya wiki mbili. Kwa hiyo kiasi cha mama mkwe hakikuwa uvivu wa kueleza. Mkono wake ulikuwa unabadilika kufuatana na kitu alichokishika, na asingeweza kukitaja kwa namba moja hata angetaka. Mimi mgeni nilihitaji namba ya kuanzia. Vikombe 3 kwa 2. Ukiuma punje ikalia kama changarawe, ongeza.

Mengine ya wali ni haya. Uoshe mpaka maji yasiwe meupe sana, usiuoshe kama nguo ya gereji. Maji yachemke kwanza ndipo mchele uingie. Maji yakikauka usawa wa mchele, moto upunguzwe kabisa, ufunikwe, usiguswe dakika 15. Ukiwa na mkaa, unapunguza makaa chini na kupalia mengine juu ya mfuniko, na hapo wali unaiva kote. Ukiwa na gesi hakuna kupalia, ndiyo maana wengi wanafunika nailoni chini ya mfuniko ili mvuke usitoke. Mimi nailoni kwenye chakula cha moto siitaki. Mifuko ya plastiki yenyewe ilipigwa marufuku Juni 2019, na bado kuna nyumba wanaitunza kwa ajili ya wali. Mimi nilishona kitambaa cha pamba cha mduara, safu mbili, nakiweka chini ya mfuniko na ncha zake nazifunga juu zisiguse moto. Kinanyonya mvuke, matone hayarudi kwenye wali. Nimewashonea majirani watatu, na hiyo ndiyo kazi pekee ya fundi niliyowahi kuifanya bure.

Lakini kipimo hakikunisaidia na lile tatizo la kwanza, yaani mtoto kulala njaa. Tatizo hilo lilikuwa la saa. Mama mkwe aliporudi Kibosho nilikuwa napika vizuri kidogo, na bado tunakula saa tatu na nusu. Nilikuwa nafunga kibanda saa kumi na mbili, napita sokoni, nafika nyumbani saa moja kasoro, ndipo naanza kuchambua maharage. Maharage! Hakuna mtu duniani anayekula maharage yaliyoanza kuchambuliwa saa moja usiku.

Jibu nilikuwa nalo kibandani siku zote. Mimi bado natumia pasi ya mkaa, kwa hiyo asubuhi lazima niwashe jiko la kupata makaa ya pasi. Lile jiko linakaa na moto mpaka saa nane mchana, halina kazi zaidi ya kulisha pasi. Siku moja nikaloweka maharage vikombe 2 usiku, asubuhi nikamwaga yale maji, nikayabeba kwenye sufuria yenye mfuniko hadi kazini na kuyateleka. Kufikia saa tano yalikuwa laini. Jioni nilifika nyumbani na kitu kilichobaki kuungwa tu, na kuunga ni robo saa. Tulikula saa moja na nusu. Mwanangu wa mwisho alikula sahani nzima, akaomba tena.

Wateja walicheka sana. Mama mmoja alisema gauni lake la harusi ya mdogo wake linanukia maharage ya shule. Fundi wa viatu wa kibanda cha pili alisema bila shaka nimelishwa limbwata, na limbwata lenyewe ni kali maana linafanya kazi hata mke akiwa Dodoma. Nilimwambia avute kiti ale. Alikula. Wiki iliyofuata aliniuliza maharage yanalowekwa saa ngapi.

Muda wa saa nane, au usiku kucha, ndilo jibu. Kuloweka kunapunguza muda wa kupika na kunapunguza gesi ya tumboni pia. Nyanya usitie mpaka yawe yameiva kabisa, maana ule uchachu unafanya ganda likaze. Magadi yanayalainisha haraka, na mama mkwe huwa anayatumia, lakini ladha inabadilika na baadhi ya vitamini vinapotea, kwa hiyo mimi nayaacha. Kuna jambo moja nililonyooshewa kidole na mteja wangu ambaye ni muuguzi, nilipomwambia kuna siku nayaacha juu ya majivu ya moto yaive polepole. Alinikemea kama mtoto. Maharage mekundu yana sumu ya asili ambayo haiondoki mpaka yatokote kwelikweli, si chini ya dakika 10, na moto mdogo peke yake hautoshi. Mtu anatapika na kuharisha anadhani ni maji. Tangu siku hiyo nayatokotesha kwanza kwa fujo, ndipo napunguza. Na ukiwa mtu wa huko juu mlimani usishangae yakichelewa kuliko ya mjini. Kadiri unavyopanda, maji yanachemka kabla ya kufika nyuzi 100. Ukifika mita 1,500 hivi yanatokota kwenye nyuzi 95 tu. Mama mkwe siku zote alikuwa anasema mkaa wa Moshi mjini ni mzuri kuliko wa Kibosho. Sikumbishia.

Kuunga kwenyewe nakufanya hivi: mafuta vijiko vikubwa 3, kitunguu kimoja kikubwa kikaangwe mpaka kigeuke rangi, si kukwaruza tu na kuendelea. Karoti moja iliyokunwa. Nyanya tatu, na hizi ndizo zinazowashinda wageni wengi, kwa sababu tunaharakisha. Nyanya zikaangwe mpaka zisagike zenyewe na uone mafuta yamejitenga pembeni. Kabla ya hapo mchuzi wako utabaki na uchachu wa nyanya mbichi na utadhani umekosa kiungo fulani cha kununua. Ndipo maharage na kiasi cha supu yake, chumvi kijiko cha chai, yatokote dakika 10. Ukiwa na tui la nazi linaingia mwisho. Nyumbani kwetu nazi ni ya Jumapili.

Yale yanayobaki hayatupwi. Kesho yake namenya ndizi, nazichemsha na maharage yaleyale, nikiponda kidogo kwa mwiko, tayari kiburu. Mama mkwe aliwahi kuonja cha kwangu akasema hakika ni kiburu, ila ni cha Same.

Ndizi ziliniletea hasara ya kwanza ya kweli. Baada ya kufanikiwa na maharage nilipata kiburi, nikaamua kila kitu kitatayarishwa kibandani. Nikaenda na ndizi mchare za kumenya wakati wa mapumziko. Nikamenya kama 12, nikanawa mikono kwa maji, nikarudi kwenye shati jeupe la shule nililokuwa nalipiga pasi. Utomvu wa ndizi ukiwa mbichi hauonekani, unaonekana ukishakauka, na ukishakauka hautoki kwa sabuni wala kwa jiki. Shati lilikuwa na alama za vidole vyangu vinne, za kahawia, kama nimesaini. Nilinunua kitambaa kingine kwa pesa yangu. Siku hizi namenya ndizi nyumbani tu, mikono nimeipaka mafuta ya kula kwanza, na kila ndizi nikishaimenya inaingia kwenye beseni la maji isiwe nyeusi.

Ndizi nyama ndicho chakula ambacho wanangu wanakiomba. Kosa langu la mwanzo lilikuwa kuweka nyama na ndizi pamoja, kwa kudhani vyote vitaiva pamoja kwa kuwa viko kwenye sufuria moja. Ndizi zikawa uji, nyama ikawa ule mkanda niliousema. Ukitazama chakula chochote cha sufuria moja, swali la kwanza ni nani anachelewa. Nyama nusu kilo, mchanganyiko wenye mfupa, naichemsha peke yake na chumvi na tangawizi iliyopondwa, saa nzima na wakati mwingine zaidi. Naijaribu kwa uma. Uma ukiingia bila kusukumwa, imeiva. Hiyo pia inafanyika kwenye jiko la pasi. Nyumbani kazi ni kukaanga kitunguu na nyanya, kuingiza nyama na supu yake yote, kupanga ndizi juu, na kuongeza maji mpaka yakaribie kuzifunika. Dakika 25. Usikoroge. Ndizi iliyogeuzwageuzwa inakatikakatika na mchuzi unakuwa mzito kama gundi. Unashika masikio ya sufuria, unaitikisa. Karoti na hoho zinaingia dakika 5 za mwisho, na watoto wakiwa hawapo karibu natia pilipili moja nzima isiyopasuliwa, nitoe kabla hawajaiona.

Kwenye ugali nilikuwa na ubishi, maana huo nilidhani naujua. Binti yangu ndiye aliyenipasulia ukweli: "Baba, ugali wako unanukia unga." Alikuwa sahihi. Nilikuwa natia unga kwenye maji ya moto, nasonga, napakua, dakika nne. Ule ni unga uliolowa. Sasa kwa vikombe 4 vya maji nakoroga kwanza unga robo kikombe kwa maji ya baridi, namimina kwenye maji yanayochemka, nauacha ule uji utokote na kurukaruka dakika 5 nzima, ndipo naongeza unga taratibu, kama vikombe 2 na kidogo, huku nasonga. Nafunika dakika 3, nasonga tena. Dona linataka muda zaidi ya sembe. Harufu ya unga ikipotea ikaja ile ya mahindi, umefika.

Mboga yake ni chochote nitakachokuta kwenye genge: mchicha, mnafu, chainizi. Mchicha naupika na karanga zilizosagwa, vijiko vikubwa 3 vilivyokorogwa kwa maji ya uvuguvugu, moto mdogo kwa sababu karanga inashika chini haraka. Dagaa wanataka uvumilivu kwenye kuosha tu. Wengi wanaanikwa mchangani, na mchanga hauna dawa ya jikoni. Toa vichwa, osha kwa maji ya uvuguvugu mara tatu au nne, ukichota dagaa kwa juu na kuuacha mchanga chini, usimimine vyote pamoja. Kausha, kaanga mpaka walie kavu, ndipo kitunguu, nyanya na limau. Mvulana wangu alikuwa hali dagaa. Kumbe alikuwa hali mchanga.

Makande nayaweka Ijumaa kwa sababu zangu za Same, na kwa sababu yanaiva yenyewe kibandani nikiwa nashona. Chipsi mayai ni Jumamosi, watoto wanamenya viazi wenyewe na ngozi ya viazi inakuwa nene kama kidole. Hicho ndicho kibarua chao, sisemi kitu.

Ukihesabu ni vyakula vitano, sita ukitaja chipsi mayai. Jirani yangu aliwahi kunishangaa: miaka miwili unapika vyakula vitano? Ndiyo. Mwanafunzi wangu wa cherehani nampa sketi ya shule moja ashone mara arobaini kabla hajagusa gauni lenye kola. Ile sketi ya arobaini anaishona huku anaongea na simu. Wali wangu ulikaa sawa labda mara ya kumi na tano. Wale wanaoanza na kubadilisha mapishi kila jioni kwa kufuata picha za kwenye simu naona wanajichosha bure, kila siku ni siku yao ya kwanza.

Mama watoto alirudi mwishoni mwa 2024. Siku hizi anafanya kazi za zamu, wiki moja usiku, wiki moja mchana, na wiki za usiku jiko ni langu. Ananisahihisha mambo mawili: natia chumvi mapema mno kwenye mchicha, na sufuria zangu nazisugua kama mtu mwenye ugomvi nazo. La kwanza nimelirekebisha.

Chapati bado. Nimejaribu mara saba. Zinatoka ngumu kiasi kwamba nimewahi kufikiria kuzitumia kama kanda ya ndani ya kola. Nimeuliza watu, na mmejua walichonijibu: maji ya uvuguvugu kiasi, mafuta kiasi, ukande mpaka ulainike. Mwezi ujao binti yetu anapata kipaimara, na mama mkwe anashuka kukaa wiki nzima. Nimenunua unga wa ngano kilo 2, nimetafuta daftari jipya, na jana nilitia mafuta ya cherehani kwenye bawaba za mlango wa jikoni, maana ulikuwa umeanza kulia ukifunguliwa.